Pole ya Mkurugenzi

Mkurugenzi wa ofisi ile alikuwa mtu wa maneno machache, na katika hayo machache, "pole" na "asante" hayakuwamo. Barua pepe zake ungedhani anatozwa ushuru kwa kila herufi. "Lete faili." "Ahirisha mkutano." "Bado?" Katibu muhtasi wake, ambaye ofisi nzima ilimwita Dada Mkubwa, alikuwa amezisoma miaka nenda miaka rudi, na alijua kwa kuangalia nukta tu kama bwana mkubwa kaamka vizuri au kaamkia upande mbaya.

Ya moyoni aliyatolea nyumbani. Aliishi na mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akamsomesha mambo ya kompyuta, kisha akambembelezea kazi pale pale ofisini kwa mkataba wa muda.

"Sitaki makubwa mimi," alikuwa akimwambia wakila. "Siku moja tu aniambie pole na kazi. Hata kwa bahati mbaya."

"Utangoja sana, dada," mdogo wake alimjibu, na wote wakacheka.

Ikatokea ofisi ya jirani ikatapeliwa kwa barua pepe, wakakombwa hadi wakabaki wanatazamana. Mkurugenzi akaingiwa na hofu, akamwagiza yule kijana wa kompyuta awafundishe wafanyakazi kujikinga. Kijana akasimama mbele yao na shati alilopigiwa pasi na dada yake asubuhi ile. Akawaambia kwamba tapeli wa siku hizi haji na panga. Anakuja na jina unaloliheshimu, anakuhimiza ubonyeze mahali, na ukishabonyeza anakuomba neno lako la siri.

"Msitazame maneno," alisema. "Maneno kila mtu anayo. Tazameni mtumaji. Ukiwa na shaka usifungue, ripoti, au nyanyua simu umuulize mwenyewe."

Dada Mkubwa alikaa mstari wa mbele, kichwa kimemvimba kwa fahari. Mwishoni mkurugenzi akasimama, akasema kijana atawatumia barua za majaribio bila taarifa, na atakayenaswa hatakalia tena meza yenye siri za ofisi. Meza hiyo ilikuwa moja tu, nje ya mlango wake, na aliyeikalia alijulikana.

Chambo cha kwanza kilikuwa zawadi ya simu mpya. Hakuna aliyegusa. Cha pili kilijifanya barua ya benki, nacho kikaripotiwa kabla chai haijapoa. Watu walikuwa wameshika somo kupita kiasi: mhasibu alipiga simu kuuliza kama mwaliko wa kikao ni wa kweli, na dada wa mapokezi akaripoti ujumbe wa mume wake kwa sababu siku hiyo alimwita mpenzi.

Mkurugenzi hakufurahi. Kutoka mezani kwake Dada Mkubwa alimsikia akimfokea kijana. "Hajanaswa hata mmoja? Ama wote wamekuwa malaika, ama wewe kazi huijui. Na mkataba wako unaisha." Jioni ile Dada Mkubwa alimpakulia mdogo wake kipande kikubwa cha nyama, akamwambia asikate tamaa.

Siku chache baadaye, akiwa anajiandaa kufunga ofisi, ikamfikia barua pepe yenye jina la mkurugenzi.

"Dada Mkubwa, pole na kazi. Najua wewe ndiye unayefunga ofisi hii kila jioni, na sijawahi kukushukuru. Nimekuandikia barua ya pongezi. Bonyeza hapa uisome kabla sijaitia sahihi."

Aliisoma, akairudia. Mafunzo yote alikuwa nayo kichwani. Simu ilikuwa karibu na kiwiko chake, na nyuma ya mlango mwenyewe alikuwapo, anakohoa. Lakini unamuulizaje mtu, ni kweli wewe ndiye uliyenishukuru? Na akisema siye? Aliona heri atapeliwe kuliko kulisikia jibu hilo. Akabonyeza. Akaombwa neno la siri, akaliandika. Skrini ikageuka nyekundu: UMENASWA. HILI LILIKUWA JARIBIO.

Asubuhi aliitwa ndani. Mdogo wake alikuwa amesimama dirishani, anatazama nje.

"Miaka yote hii hujui kwamba mimi siandiki hivyo?" mkurugenzi aliuliza.

"Najua, bosi. Ndiyo maana nilifungua."

Mkurugenzi hakuelewa, wala hakujisumbua. Alimwambia ahamie stoo ya mafaili, kule chini ya ngazi, kuanzia leo. Kisha akamgeukia kijana, akampa mkono. Mkataba wake umeongezwa.

"Asante, kijana," akasema. "Pole na kazi."

Kumbe neno alikuwa nalo siku zote. Dada Mkubwa alikwenda kukusanya vitu vyake: kikombe, miwani, kanga ya kujifunika baridi ya kiyoyozi. Mhasibu akamsaidia kubeba. "Umevishwa kilemba cha ukoka," alimnong'oneza. "Hata mimi ningekivaa." Dada Mkubwa akakaza mwendo. Hakutaka kulia mbele ya watu aliowafungia ofisi miaka yote.

Nyumbani alimkuta mdogo wake amekaa jikoni, hajawasha hata redio.

"Walitaka mtu, dada. Lazima mmoja angenaswa."

"Na ndiyo niwe mimi?"

"Wengine sikujua wanataka nini," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe nilijua."

Dada Mkubwa akafunua sufuria. Alichukua sahani mbili, akapakua, na kwa mazoea ya mkono kipande kikubwa kikaangukia sahani ya mdogo wake. Akakiacha huko huko.

"Pole, dada," kijana akasema.

Dada yake akamtazama, kuanzia lile shati alilolipiga pasi mwenyewe hadi usoni.

"Nimetazama mtumaji," akasema, kisha akabeba sahani yake akaenda kula chumbani.