Jibu la Kijani

Mwalimu wa hesabu wa darasa la tano hakuwa mtu wa kujionyesha. Miaka yote aliyofundisha alikuwa anaingia, anaandika ubaoni, anasahihisha, kisha anakwenda zake nyumbani. Lakini shule ilipoletewa vishikwambi na projekta, na walimu wenzake wakavipita pembeni kama watu wanaokwepa dimbwi, yeye ndiye aliyebaki baada ya masomo akijifunza kuviendesha. Huko akakutana na mchezo wa maswali. Swali linatokea kwenye skrini ukutani, chini yake majibu manne, kila moja na rangi yake. Mtoto anabonyeza kwenye kishikwambi chake rangi anayoona ni sahihi. Anayewahi na kupatia anazoa alama. Muziki unapiga, majina yanapanda na kushuka ukutani, na walioongoza wanashangiliwa kama wamechukua kombe.

Watoto waliupenda kufa. Hata wale waliokuwa wakibanwa na haja ndogo kila kipindi cha hesabu kikianza, walipona ghafla. Kulikuwa na msichana mmoja waliyembatiza Cherehani, kwa sababu akianza kuongea hakuna wa kumkatisha. Zamani alikuwa anafukuzwa nje kwa kelele. Sasa kelele zake zilikuwa za hesabu tupu: anambishia jirani yake kwamba si hivyo, tazama, ukigawa hapa unapata vile. Mwalimu alisimama nyuma ya darasa akasikiliza, akaona raha ambayo hakuwahi kuipata tangu aanze kazi.

Kisha wakafika kwenye nusu, robo na theluthi, mambo yakawa mazito. Skrini ilijaa makosa. Theluthi mbili ya kumi na mbili, darasa zima likabonyeza sita.

Katikati ya kuhangaika huko mwalimu mkuu akamwita ofisini, uso umemchangamka.

"Mkaguzi anakuja," alisema. "Anakuja na walimu wa shule za jirani, waje waone unavyofundisha. Wanatafuta mtu wa kuwanoa wenzake kwa hivi vyombo. Nikawaambia, mtu mnaye."

"Lakini Mwalimu Mkuu, hapa tulipo watoto bado hawajaelewa vizuri."

"Basi waelewe. Usije ukaniangusha."

Alitoka na furaha na hofu vimemkaba pamoja. Kesho yake akawachezesha watoto maswali yale yale ya jana. Walipatia zaidi kidogo. Kesho kutwa akayarudia. Alijiambia ni marudio tu, na marudio hayajawahi kumdhuru mtoto. Siku moja akagundua kuwa wanabonyeza kabla swali halijamaliza kuandikika. Walikuwa wameshika rangi: nyekundu, njano, kijani, kijani, buluu. Wengine waliziimba chini chini kwa mdundo wa ule muziki. Aliwasikia kwa masikio yake mawili. Na badala ya kuusimamisha mchezo, akaongeza sauti ya spika.

Siku ya ugeni darasa lilifagiliwa mpaka kwenye kona. Walimu wageni walikaa nyuma kwenye viti vilivyoazimwa ofisini, mwalimu mkuu akasimama mlangoni na tai yake. Mkaguzi, mwanamke mpole mwenye miwani, alikaa dawati moja na watoto. Mchezo ukaanza, na darasa zima likapatia tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Walimu wageni walinong'onezana na kutikisa vichwa kwa kustaajabu. Cherehani aliibuka wa kwanza, jina lake likabaki juu kabisa ya skrini, likizungukwa na nyota. Mwalimu mkuu alipiga makofi kuliko watoto.

"Hongera sana," mkaguzi alisema akiinuka. "Sasa naomba nimuulize huyu mshindi wetu swali moja tu, kwa mdomo. Mwanangu, robo tatu ya ishirini na nne ni ngapi?"

Lilikuwa swali la tatu kwenye mchezo. Cherehani alisimama wima, mikono nyuma, akajibu kwa sauti ya mtu asiye na shaka yoyote:

"Kijani!"

Kicheko kiliripuka nyuma ya darasa. Walimu wazima walishika mbavu. Mtoto aliwatazama, akadhani amekosea rangi. "Njano?" alisema, sauti imepungua. Wakazidi kucheka. Akamgeukia mwalimu wake.

Mwalimu alihisi damu yote imempanda usoni. Alimwona mwalimu mkuu mlangoni, tabasamu limemgandia. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Na katika kutafuta pa kujificha, mdomo wake ukatangulia.

"Naomba mtusamehe," aliwaambia wageni. "Huyu mtoto ni mzito kidogo wa kuelewa. Tunajitahidi naye hivyo hivyo."

Mkaguzi hakucheka. Alimtazama mwalimu, kisha akatazama skrini nyuma yake, ambako jina la huyo mtoto mzito lilikuwa bado linameremeta juu ya majina yote. Cherehani alikaa chini taratibu, akaweka mikono mapajani.

Wageni walipoondoka, mwalimu alijifungia ofisi ya walimu akijifanya anasahihisha. Mlango ukagongwa. Walikuwa watoto watano wa darasa lake, wamepanga mstari wenyewe.

"Mwalimu, tumekuja kukuomba msamaha," alisema aliyetangulia. "Tumekuaibisha mbele ya wageni. Tutazishika rangi vizuri zaidi."

Aliwapungia mkono waende, akainamisha kichwa mezani, na aibu aliyoiona darasani ikawa kama mchezo mbele ya hii. Cherehani hakuwa miongoni mwao.

Siku zilizofuata yule mtoto alikuja shuleni, akakaa, akaandika, hakusema neno. Akiulizwa, anatikisa kichwa. Wenzake walianza kumwita Kijani, wakachoka, kwa sababu hakuwajibu. Mwalimu alijiambia watoto husahau. Lakini kila alipowasha projekta, yule msichana alikiweka kishikwambi mezani kifudifudi, akatazama mikono yake.

Hatimaye mwalimu alijikaza, akaenda kwa mama wa Cherehani, msusi aliyekuwa na saluni karibu na kituo cha mabasi. Kilikuwa chumba kimoja, kioo kirefu ukutani, harufu ya mafuta na nywele zilizoungua kidogo. Msusi alikuwa anamsuka mteja, kitana kimebanwa kwenye meno. Alipomwona mwalimu alikitoa haraka.

"Karibu Mwalimu, karibu ukae! Yaani nilikuwa na nia ya kuja mwenyewe nikushukuru."

"Unishukuru?"

"Ndiyo. Walimu wengine wanatuficha, mtoto anapandishwa madarasa bure. Wewe umesema ukweli kwamba binti yangu ni mzito. Kaniambia mwenyewe, huku analia. Nimeanza kuulizia kama kuna shule ya watoto wa namna yake. Baba yake anasema labda aje tu hapa saluni, mikono anayo."

Mwalimu aliona njia ya kutokea iko wazi: aseme tutaendelea kumsaidia, aage, aondoke na heshima yake. Mteja kwenye kiti alikuwa ametulia tuli, masikio yote yako huku.

"Mama," mwalimu alisema, "mtoto wako si mzito. Nilidanganya."

Mikono ya msusi ilisimama kwenye nywele.

Mwalimu akamweleza yote, maswali yaliyorudiwa, rangi, wageni, kicheko. Alieleza akiwa amesimama, kwa sababu aliona hastahili kile kiti.

"Kwa hiyo mwanangu alijibu kile ulichomfundisha," msusi alisema.

"Ndiyo."

"Halafu ukamwita mjinga."

"Sikusema mjinga, nilisema..."

"Mwalimu."

Nje basi lilipiga honi.

"Ndiyo," alisema. "Nilimwita mjinga."

Msusi alirudi kusuka, polepole, bila kumtazama. "Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Na yeye ukimwomba atakusamehe mara moja, kwa sababu ni mtoto na wewe ni mwalimu wake. Hilo nalo ulijue. Ila usimwite pembeni. Ulimwaibisha mbele za watu, umwombe radhi mbele za watu."

Kesho yake mwalimu alianzia kwa mwalimu mkuu, akamwambia anataka kumweleza mkaguzi ukweli.

"Unataka kujichongea mwenyewe?" mwalimu mkuu alimaka. "Mkaguzi nimeshamwambia mtandao ulituvuruga. Mambo yamekwisha!"

"Naomba unipe namba yake."

Alipiga simu palepale, mbele ya meza ile, na kusema aliyoyafanya.

"Nilijua siku ile ile," mkaguzi alisema. "Jina la mtoto lilikuwa nyuma ya kichwa chako. Asante kwa kunipigia. Kazi ya kuwafundisha walimu tumempa mtu mwingine."

"Ni haki," alijibu, na ikamuuma vilevile.

Kisha akaingia darasani. Hakuwasha kitu. Aliwaambia watoto kwamba yeye ndiye aliyewafundisha rangi badala ya hesabu, akijua, ili asifiwe. Akasema kwamba mwenzao alijibu sawasawa na alivyofundishwa, na kwamba neno alilomwita lilikuwa uongo uliosemwa na mtu mzima kwa woga. Mtoto mmoja alicheka kwa kuchanganyikiwa, wengine wakamnyamazisha. Wengi walitazama madawati yao, kama vile wao ndio waliokosa.

"Naomba unisamehe," alimwambia msichana kwa jina lake halisi.

"Sawa, Mwalimu," mtoto alijibu upesi. Ilikuwa vile vile alivyosema mama yake, na mwalimu hakupata nafuu yoyote.

Mchezo haukutupwa. Ila sasa aliondoa saa na alama, na akawaachia watoto watunge maswali wenyewe, pamoja na majibu matatu ya uongo kwa kila swali. Kazi ngumu ilikuwa hapo: kutunga jibu la uongo ambalo mtu anaweza kuliamini, lazima ujue mtu anakosea wapi. Walibishana, wakachora maduara na kuyakata vipande, wakafutiana. Hesabu zilienda polepole kuliko zamani, na mwalimu mkuu alilalamika kwamba wamebaki nyuma ya madarasa mengine. Ilikuwa kweli. Lakini mtoto ukimuuliza theluthi mbili ya kumi na mbili ni ngapi, alikujibu nane, na akakuonyesha kwa nini.

Binti wa msusi alirudi kuongea, kidogo kidogo, kwanza na jirani yake, kisha na kundi lake. Mitego aliyotunga kwenye majibu yake iliwanasa wenzake karibu wote. Ila akiulizwa mbele ya darasa, hata jambo analolijua fika, alikuwa na tabia mpya. Kabla ya kufungua mdomo alimtazama mwalimu usoni, haraka, kutafuta kama yuko sawa au amekosea.

Mwalimu alilizoea hilo, kama mtu anavyozoea jeraha lisilofunga. Kila alipomuuliza swali, aligeukia dirishani, akatazama uwanja uliokuwa mtupu saa hizo, akasubiri huko huko mpaka mtoto ajibu.