Mgeni Kutoka Kulim

"Kumi na mmoja," Mugilan alisema, na bosi wake, Bwana Ooi, aliyesimama nyuma ya kiti na gilasi yake ya chai, akamwambia awafute wote kabla ya saa sita.

Hao kumi na mmoja walikuwa ndugu zake mwenyewe. Jumatatu Mugilan alifunga chombo cha kuhesabu wageni kwenye tovuti ya hospitali, kurasa za kitengo cha matiti, akakiwekea lengo: kila atakayejaza fomu mpya ya miadi, akabonyeza "Tuma" na kufika kwenye ukurasa wa asante, ahesabiwe mmoja. Lengo jipya halina budi kujaribiwa, na mwenye ukoo mkubwa hahitaji kuajiri wajaribu. Aliandika kwenye kundi la familia, akawaomba shangazi, binamu na mashemeji wajaze chochote, jina la kweli au la uongo, mradi wabonyeze. Kisha akashuka mapokezi, akamwambia Kak Rohaiza, dada wa pale mezani, kuwa fomu hiyo haijatangazwa popote, kwa hiyo zote zitakazoingia mpaka Jumatano ni za mchezo, azitupe tu.

Leo ilikuwa Alhamisi. Mchana matangazo yangeanza kuruka, na Bwana Ooi alitaka hesabu ianze na sifuri.

Tuseme ukweli, kazi hii ni umbea, ila umbea usio na majina. Chombo hakijui mtu anaitwa nani. Kinajua yuko mji gani, ameshika simu ya aina gani, amesoma nini na kwa muda gani. Mugilan aliwafuta mmoja mmoja huku akiwacheka kimoyomoyo. Yule wa Ipoh, aliyemaliza kwa nusu dakika, alikuwa binamu yake, mtu wa papara tangu utotoni. Wa Butterworth, aliyebonyeza mara tatu, hakuweza kuwa mwingine ila shangazi yake, ambaye haridhiki na kitu mpaka akirudie.

Akamfikia wa Kulim, mji wa nyumbani kwao. Simu ilikuwa ya aina iliyoacha kutengenezwa miaka saba iliyopita, lugha yake Kitamil. Mugilan ndiye aliyemnunulia Amma, mama yake, simu ile.

Alitaka kufuta. Kilichomzuia ni orodha ya kurasa, maana wenzake wote walikwenda moja kwa moja kwenye fomu. Amma hakuanzia kwenye fomu. Jumatatu alifungua ukurasa wa "Uvimbe usiouma", akakaa hapo dakika kumi na tisa, akatoka. Jumanne alfajiri akarudi palepale. Akafungua "Ngozi inapobonyea". Jumatano alizipitia picha zote, moja baada ya nyingine, na ndipo akajaza fomu, saa nne asubuhi, saa ambayo siku zote huwa sokoni.

Mugilan alijiambia labda simu aliishika jirani. Akajiambia Amma husoma polepole, miwani yake ni ya zamani. Alijiambia mengi.

Hakungoja lifti. Kule mapokezi alimwuliza Kak Rohaiza kama kulikuwa na fomu kutoka Kulim.

"Si ulisema ni mchezo? Nimezifuta zote asubuhi hii," alijibu. "Kuna mmoja kajiita Waziri wa Doriani." Alipouona uso wake akapunguza sauti. "Ila kulikuwa na moja ndefu, mdogo wangu. Ilieleza mno. Nikasema huyu mjaribu ana kipaji."

"Iliandikwa nini, Kak?"

"Sikuimaliza. Ulisema ni mchezo."

Alipiga simu akiwa kwenye ngazi. Amma alipokea kwa sauti yake ya siku zote, akataka kujua kama amekula, na kama lile shati la bluu limeshonwa kifungo. Mugilan akamjibu yote mawili, kisha akamwuliza kuhusu fomu.

"Nimejaza, kanna, mwanangu. Si ulisema mnajaribu?"

"Na wewe ulikuwa unajaribu?"

Amma alishusha sauti.

"Nilisema nikijaza katikati ya watu, hakuna atakayejua ni mimi," alisema. "Sasa hawatanipigia?"

Mugilan alikosa ujasiri wa kumwambia nani aliyezuia asipigiwe. Alikaa kwenye ngazi ya saruji, akamwambia watajaza upya sasa hivi, pamoja, na yeye mwenyewe ataipeleka mezani kwa daktari. Aliifungua fomu aliyoitengeneza kwa mikono yake. Jina hakuuliza. Umri hakuuliza. Swali la tatu lilitaka kujua ni titi gani, na neno hilo halijawahi kutamkwa kati yao. Aliuliza tu, "Upande gani, Amma?" na Amma akasema kushoto, upesi, kama anayetaka lipite.

Swali la nne lilikuwa: uvimbe uliugundua lini?

"Andika Deepavali."

Alihesabu. Sikukuu hiyo ya taa huja mwishoni mwa mwaka, na sasa ilikuwa Septemba: miezi kumi na zaidi. Aliandika, kisha akasita.

"Deepavali ya mwaka jana, Amma? Au ya mwaka juzi?"

Alisikia kiti cha plastiki kikivutwa sakafuni, na mama yake akikaa.