Kinyesi cha Kaloli Juu ya Gari Jeusi

Kilianguka kwa kishindo cha uji uliomwagwa kutoka juu ya paa. Nilikuwa jikoni nikifunga matoke kwenye majani ya mgomba. Nikaacha kamba ikining'inia, nikachungulia dirishani. Lile gari jeusi, lililokuwa liking'aa kama maji ya kisimani, lilikuwa na doa jeupe katikati ya boneti, pana kuliko sahani, na michirizi yake ikitambaa taratibu kuelekea kwenye taa. Juu ya mti wetu, kaloli, yule korongo mwenye upara na mfuko shingoni, alijikung'uta kama mtu aliyemaliza shughuli iliyomleta mjini.

"Mama yangu wee! Nimekwisha!" mwanamume akalia uani.

Hivyo ndivyo nilivyoisikia sauti ya Lwanyaga kwa mara ya kwanza.

Alikuwa amekuja kumwona wifi yangu Nakimera, shangazi wa binti yetu Nabbosa, kwa maana mchumba hupitia kwa shangazi. Mimi mama mtu sikutakiwa kumsogelea. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawagusani, hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja. Mama yangu alinitia hofu ya jambo hilo tangu nikiwa mdogo: anayevunja mwiko huo, alisema, hutetemeka mikono mpaka kaburini. Basi nilijibanza nyuma ya pazia, lakini miguu yangu ilikataa kutulia. Nilienda hadi jikoni, nikarudi. Nikafunua chungu kisichokuwa na kitu, nikakifunika.

Gari halikuwa lake. Lwanyaga alikuwa dereva wa Hajati Nalweyiso, mwenye maduka ya vitenge, mwanamke ambaye kila jioni, kabla hajaingia ndani, hupitisha kidole juu ya rangi ya gari lake kama anayepima vumbi la kabati. Siku hiyo alimpa ruhusa ya kulitumia, ila alirudishe kama alivyolichukua. Kazi hiyo ikimponyoka, ndoa nayo ingemponyoka. Mume wangu, Mzee Kityo, alikuwa amekwisha kusema: asiye na kazi ya kueleweka asikanyage kizingiti chake.

Nikamwona Lwanyaga anainama kando ya jiko la nje. Alikuwa akiokota magomba makavu. Ndiyo desturi yetu. Magomba tunasugulia sufuria, vibuyu, hata visigino vya bibi harusi. Akayakunja, akayagusisha kwenye jivu, akalielekea gari.

"Acha!" nikapiga ukelele. "Usiguse!"

Akasimama kama aliyeshikwa shati. Nakimera akatoka mbio, kitambaa cha kichwa kikimdondoka. "Wifi! Umepatwa na nini? Unamfokea mkwe?"

"Simfokei yeye. Nayafokea hayo magomba."

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda kusimama nyuma ya shuka kubwa iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba. Yeye upande ule, mimi upande huu. Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa bado imetulia.

"Mnisamehe, mama," akasema. "Lakini jua linakikausha. Kikishika rangi nitasemaje?"

"Na ukikisugua kikavu utasemaje? Huyu ndege anakula jalalani, baba. Miba ya samaki, mchanga, vipande vya chupa, vyote vimo humo. Utalichora gari la watu kama ubao wa shule."

Sikuwa najua magari. Sijawahi kumiliki hata baiskeli. Nilichokijua ni vyombo: kilichoganda hakishindwi kwa nguvu, hulowekwa mpaka kikaachia chenyewe.

"Kwanza lisukume kivulini," nikamwambia. "Kivuli cha nyumba, si cha mti. Au unataka sahani ya pili?"

Nakimera akacheka. Lwanyaga hakucheka, ila nilisikia magurudumu yakisaga changarawe. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikatoa nepi za Nabbosa za utotoni, pamba iliyofuliwa miaka hata ikawa laini kama sikio la mbuzi. Nikajaza karai maji ya vuguvugu. Wifi ndiye aliyemfikishia, maana kumpa mkononi kwa mkono haikuwezekana.

"Lowesha nepi, ilaze juu ya doa. Usibonyeze. Ikianza kukauka, idondoshee maji."

Akailaza. Tukangoja. Nzi walizunguka. Kule juu kaloli aligonganisha mdomo wake, ko-ko-ko, nami kila mara nilidhani anajiandaa.

"Nifunue, mama?"

"Bado."

Hatua zake zikaenda, zikarudi. Nami nilikuwa nikitembea vilevile nyuma ya shuka, huku na huku, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Na sasa?"

"Hivi wewe, mtoto akichelewa tumboni utamvuta?"

"Huyu!" Nakimera akadakia. "Huyu angeweza angebeba bibi harusi leo, mahari tukaizungumze kesho!"

Hapo akacheka, kicheko kifupi cha mtu mwenye hofu. Nikamwambia ainue nepi kwenda juu, asiiburuze. Upande ukichafuka, ageuze, asirudishe uchafu kwenye rangi. Kilichobaki akakiloweka tena, akainua tena, hata maji yakawa meupe ndani ya karai. Akasuuza kwa sabuni kidogo na maji mengi, akakausha kwa kugusagusa.

Kisha nikamsikia wifi akiguna.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna mkwaruzo hata mmoja," Nakimera akajibu. "Ila rangi imefifia hapa, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Lete dawa nyeusi ya viatu, wifi. Tupake. Hajati ataona wapi na giza linaingia?"

Niliikamata shuka. Lile gari sikuliwaza tena. Nilisikiliza.

"Hapana, shangazi," Lwanyaga akasema. "Nitamwambia."

"Atakufukuza, mjinga wewe!"

"Anifukuze basi, ila kwa doa. Asinifukuze kwa dawa ya viatu."

Hajati hakumfukuza, lakini alimnyang'anya ufunguo, akampeleka stoo kubeba marobota ya vitenge. Habari zilimfikia Mzee Kityo kabla ya wiki kuisha. Akaliweka bakuli la chai chini.

"Binti yangu haolewi na mpagazi."

Nabbosa alikuwa akimenya ndizi mlangoni. Kisu chake kikasimama. Katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulikata neno la mume wangu.

"Ataolewa naye," nikasema.

"Unamjua? Hata uso wake hujautazama."

"Nimemsikia."

Mzee akalichukua bakuli lake, akanywa chai ikiwa imepoa, wala hakulalamika.

Hadi leo sijautazama vizuri uso wa mkwe wangu. Yeye hubisha hodi kutoka langoni, nami humwitikia nikiwa jikoni, tukaulizana habari za mashamba na za watoto, kila mtu upande wake. Jumapili iliyopita alipokuja, nilisikia sauti yake imeanza kukwaruza, na kila maneno machache anavuta pumzi. Nikachemsha tangawizi, nikampa Nabbosa ampelekee.