Kadogo Ana Miaka Sita

Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, baada ya uji, meza za bwalo zilifutwa kwa kitambaa chenye maji, zikakaushwa, na watoto wakakaa kwenye mabenchi kukunja barua za wafadhili. Wakubwa walikunja, wa kati walitia kwenye bahasha, wadogo walilamba stempu mpaka ndimi zikakauka. Kadogo alikunja za kwake peke yake, maana zilikuwa mia tatu na arobaini, na hakuna mtoto mwingine aliyefikisha hata thelathini. Alikalia vitabu viwili vya nyimbo ili mikono yake ifike mezani. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja.

Jambo hilo lilishazoeleka. Miaka kumi na mitano nyuma, Kadogo alipoletwa pale akiwa na mdogo wake wa miaka mitatu, karani wa ofisi alimwandikia barua ya kwanza: "Naitwa Kadogo. Nina miaka sita. Napenda kusali na kucheza. Asante kwa kunipenda." Barua ile ilitia fora. Makanisa ya mbali yaligombea kumfadhili, watu wakaweka picha yake kwenye milango ya majokofu yao, na kamati ya Nyumba ya Watoto ikasali sala ndefu ya shukrani huku chai ikipoa.

Mwaka wa pili karani, mtu asiye na makuu, aliandika "Nina miaka saba" kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Majibu yakapungua. Mchungaji, ambaye ndiye mkurugenzi, alimwita ofisini na kufunga mlango.

"Nani amekutuma umkuze mtoto?"

"Mchungaji, amekua mwenyewe."

"Wewe andika sita. Bwana aliwapenda watoto wadogo. Wadogo, karani. Tumeelewana?"

Karani akaandika sita. Wiki ileile jino la mbele la Kadogo, lililokuwa limeanza kuchomoza, lilirudi ndani ya ufizi, na lile la utoto lililokwisha kung'oka na kutupwa likakutwa asubuhi limekaa mahali pake. Mama Mlezi, mke wa mchungaji, alisema hiyo ni baraka, kwa kuwa gauni la mwaka jana lingemtosha tena. Tangu siku hiyo Kadogo hakuongezeka hata unene wa kucha.

Huyo Mama Mlezi, tuseme ukweli, alikuwa mlezi kama mimi nilivyo rubani. Hakuwahi kumfuta mtoto kamasi isipokuwa siku ya wageni, na siku hiyo aliangalia kwanza mpiga picha amesimama wapi. Waliokuwa wakiamshwa na vilio, wakageuza magodoro yaliyolowa kabla hayajaonekana, wakajua nani anaogopa giza na nani anaficha mkate chini ya mto, hawakuwa kwenye picha yoyote. Mmoja wao alikuwa Kadogo. Kila alfajiri alipanda juu ya kigoda akawaosha nyuso watoto kumi na wawili, wengine wakiwa wamemzidi kimo, akawaombea kwa jina mmoja mmoja, kisha akaenda zake darasa la kwanza. Alikuwa amesoma darasa la kwanza mara kumi na tano. Mwalimu alipougua, yeye ndiye aliyefundisha.

Mdogo wake naye alikua kama wanavyokua watu. Hakuwa na wafadhili wa kutosha wa kumzuia. Walimwita Mrefu. Alimbeba dada yake mgongoni wakienda kanisani, na bado hakuthubutu kumjibu vibaya.

"Dada, nikuteremshe hapa?"

"Niteremshe. Na funga kifungo hicho, mtu mzima wewe."

Mwaka huo Mrefu alitimiza miaka kumi na minane, na kanuni ya Nyumba ilikuwa wazi: aliyefikisha kumi na minane anatoka mwisho wa mwaka, na begi moja na Biblia moja. Mrefu alikwenda ofisini kuomba aondoke na dada yake. Mchungaji alicheka kwa upole, kicheko anachokitumia pia mazishini.

"Binti, siwezi kumtupa mtoto wa miaka sita barabarani. Ningemjibu nini Mungu?"

"Ni dada yangu mkubwa, mchungaji."

"Kwenye faili ana sita."

Basi ikawa hivyo. Mrefu alitoka ofisini akaenda moja kwa moja chumba cha kushonea, alikokuwa dada yake, akakaa sakafuni kichwa chake kikiwa sawa na cha Kadogo, akalia. Kadogo hakulia. Alimpapasa kichwani, akamwambia hatamwacha aende peke yake duniani, hilo alijue.

Mwenye chumba hicho, fundi cherehani, alikuwa mjane wa makamo aliyesali huku akikanyaga pedeli, kwa sauti ya chini, ili uzi usikatike. Kila mwaka alimshonea Kadogo gauni lilelile kwa vipimo vilevile vilivyoandikwa kwenye daftari lake, na kila mwaka alikunja ndani vidole kumi vya pindo, kama afanyavyo fundi yeyote anayemshonea mtoto, ili akikua lifumuliwe. Mama Mlezi alishamwambia mara nyingi kwamba kwa Kadogo hilo ni kupoteza kitambaa.

"Ndivyo ninavyojua kushona," alijibu fundi. Siku hiyo aliwasikiliza wale ndugu wawili bila kunyanyua macho, kisha akachomoa karatasi safi kwenye daftari lake, akampa Kadogo na kalamu.

Kosa la watu wa ofisini lilikuwa moja tu: katika miaka kumi na mitano hakuna aliyewaza kwamba Kadogo, aliyeshika namba moja darasa la kwanza mara zote hizo, alikuwa anajua kuandika. Yeye ndiye aliyetumwa kila mwaka kuitoa barua ya asili kabatini na kumpelekea karani kwenye mashine ya kunakili. Karani aliilaza kifudifudi kwenye kioo bila kuitazama. Nani atasoma barua anayoijua kwa moyo? Mashine ikatema nakala mia tatu na arobaini, Kadogo akazibeba zikiwa bado za moto, akazikunja mwenyewe. Mwaka huo ziliandikwa hivi:

"Naitwa Kadogo, ingawa mama yangu hakuniita hivyo. Nina miaka ishirini na moja. Nimesoma darasa la kwanza mara kumi na tano na sijafeli. Asanteni kwa peremende, ila meno yangu ni ya utoto na yamechoka. Mdogo wangu anatoka hapa mwisho wa mwaka na mimi nataka kutoka naye. Naomba mniruhusu nikue."

Bahasha zikapelekwa posta. Siku kumi hazikuleta kitu. Siku ya kumi na moja, wakati wa somo la kuhesabu, ukanda wa kiatu cha Kadogo ulikatika, na ikajulikana kwamba mahali fulani mtu wa kwanza amefungua bahasha.

Kuanzia hapo alikua kadiri barua zilivyosomwa. Siku za katikati ya wiki alikua taratibu. Jumapili, watu wakisomewa barua kanisani wote kwa pamoja, aliumwa na magoti, akalala na kitambaa cha maji moto juu yake. Meno yaling'oka matatu kwa siku moja, akayafunga kwenye karatasi. Fundi alifumua pindo kidole kimoja asubuhi, kingine jioni, mpaka vidole kumi vikaisha, halafu akampa gauni la Mrefu. Watoto aliowaosha nyuso walilalamika jambo moja tu, kwamba sasa mikono yake ilikuwa mikubwa na sabuni ilikuwa inaingia machoni.

Mrefu alisimama naye mlangoni kila jioni, mgongo kwa mgongo. Walipolingana, Mrefu alisema, "Dada, sitakubeba tena," akaona haya kwa jinsi sauti yake ilivyomtoka.

Majibu ya wafadhili yalianza kufika. Yasome, kama una moyo. Mama mmoja aliandika kwamba huyu si mtoto waliyempenda. Familia moja ilisema imeshtuka sana na watoto wao wamelia, na ikauliza kwa heshima zote kama wapo wengine wa sita. Wengi hawakuandika chochote, waliacha tu. Mzee mmoja peke yake alirudisha kadi yenye maneno mawili, "Kua, binti," na mchungaji akaitupa kwenye kapu. Karani aliitoa kapuni, akaikunjua kwa kiganja, akampelekea Kadogo bwaloni. Kadogo aliiweka kwenye Biblia yake.

Kamati ilikaa Alhamisi. Ni watu saba wenye sura za kuridhika, na kila mmoja huomba kwa zamu ili pasiwe na atakayejiona amepungukiwa. Kadogo aliitwa, akasimama mbele ya meza ya biskuti. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye paji pana, na wawili kati yao walimwamkia kwa adabu kabla ya kutambua ni nani.

"Una miaka mingapi?" aliuliza mchungaji.

"Ishirini na moja."

Mchungaji alifungua kitabu cha kanuni. "Kwa hiyo umekaa hapa miaka mitatu kinyume cha utaratibu. Umekula nafasi ya mtoto mwingine, mhitaji. Hilo umelifikiria?"

"Hapana, mchungaji."

"Ni ubinafsi," alisema Mama Mlezi, kwa huzuni.

"Naomba radhi."

"Tunakusamehe," alisema mchungaji, naye alisema kweli, kwa sababu kusamehe ni kazi aliyoizoea kupita zote. Wakasimama, wakasali, wakamwomba Mungu amlainishe moyo. Kisha wakaandika kwenye kumbukumbu kwamba Kadogo ataondoka na mdogo wake mwisho wa mwaka. Ajenda iliyofuata iliandikwa "Kadogo."

Jumatatu ya wiki hiyo alikuwa ameletwa msichana wa miaka minne, asiyesema sana, aliyeng'ang'ania kandambili moja ya mguu wa kulia na hakutaka iguswe. Kamati ilimtazama kupitia dirishani akiwa amekaa kwenye ngazi. Mmoja wao alisema ana macho mazuri. Mchungaji alisema atafaa. Karani aliambiwa arudishe ile barua ya zamani kabatini, safari hii kabati lifungwe na ufunguo akae nao Mama Mlezi, na nakala mpya zitoke mwezi huohuo pamoja na maelezo kwamba palitokea mkanganyiko ofisini. Fundi aliambiwa ashone gauni kwa vipimo vya kwenye daftari, bila pindo.

Siku ya kuondoka, Kadogo aliamka mapema kama kawaida. Aliwaosha nyuso wale kumi na wawili, na wa kumi na tatu alikuwa yule msichana mpya. Alimvalisha gauni, likampwaya mabegani. Alimwachia kandambili yake.

"Unaitwa nani?" alimuuliza.

Mtoto alitaja jina lake. Lilikuwa jina zuri, la bibi yake.

"Lishike hilo. Watakuita Kadogo. Sasa nisikilize. Jifunze kuandika. Fanya haraka."

"Niandike nini?"

"Umri wako."

Mtoto alinyoosha vidole vinne. Kadogo alivishika vyote kwa mkono mmoja, kwa muda, na akashindwa kuviachia, mpaka Mrefu alipoita kutoka getini kwamba gari limefika. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa hasira, kilio cha mtu mzima. Mama Mlezi alikuwa mlangoni. Alisikia yote, na baadaye alisimulia kwamba binti yule alilia kwa shukrani.

Dada hao wawili wamepanga chumba. Kadogo anafundisha darasa la kwanza kwenye shule ya jirani, na wanasema hakuna mwalimu anayelijua darasa hilo kama yeye. Mara tatu amekwenda Nyumba ya Watoto na kufika getini. Mara zote tatu ameambiwa kwa upole kwamba wageni huingia kwa miadi, wakiwa na barua kutoka kanisa lao.

Kamati, katika kikao chake cha kwanza cha mwaka mpya, ilikubaliana kwa kauli moja kwamba Kadogo asisumbuliwe na masomo ya kuandika, kwa kuwa utoto ni mfupi na mtoto apewe nafasi ya kucheza. Barua zilishapelekwa. Wafadhili walirudi karibu wote, wakafurahi kwamba mambo yamekaa sawa, na mmoja akaongeza kwamba pua imebadilika kidogo, labda ni hali ya hewa.

Barua zilipoanza kusomwa, msichana wa miaka minne alikua miaka miwili ndani ya wiki tatu. Kandambili ilimbana, akaivua mwenyewe. Fundi, aliyekuwa amekunja vidole kumi vya pindo kama anavyojua kushona, alifumua viwili, gauni likamkaa sawasawa. Huu ni mwaka wa tano. Kila gauni jipya fundi huanza kulishona kwa kufungua daftari na kumwita mtoto ampime upya, bega hadi goti, kisha huandika namba ileile chini ya namba ileile. Vidole vinane vimebaki ndani ya pindo, na rangi yake haijawahi kuona jua.