Radhi Iliyoganda

Kompyuta ya dada yangu Soumaya iliganda wakati mama anamalizia kumpa radhi mdogo wetu Moubarak. Saa ya mchanga ikatokea kwenye kioo, na kile kidirisha cha kurekodi sauti kikakataa kuendelea, kikakataa na kufungwa.

Ilikuwa mchana, nyumbani kwetu mtaa wa Bwiza, mwezi wa saba 2003. Moubarak alikuwa kambi ya wakimbizi Tanzania, alikokimbilia vita. Aliondoka wakiwa wamegombana na mama, na kila aliyetoka huko alituletea neno lile lile: hawezi kurudi kwa mama ambaye hajamsamehe. Barua alizikataa, alisema ni Soumaya anayezitunga. Alitaka kusikia kinywa cha mama mwenyewe. Redio yetu ilikuwa inatafuna kanda, kwa hiyo Soumaya, aliyekuwa sekretari mjini, akaazima maikro ya kunasia sauti kazini kwake. Sauti ingewekwa kwenye sidi, na kule kambini mtu wa misaada angemsikilizisha.

"Sema tena, mama," Soumaya akamwomba.

"Apana. Radhi nimetoa. Nikirudilia, ni kusema ile ya kwanza ilikuwa ya uongo."

"Lakini mashine imekwama, mama."

"Iko humo ndani. Muitoe."

Akakaza kitenge chake, akaenda kuchagua maharage. Nilimjua mama. Hapo palikuwa pameisha.

Mimi ni fundi wa magari. Shule niliiacha mapema, na juu ya kompyuta nilijua jambo moja: moto wa umeme ukikatika, kisichohifadhiwa kinapotea. Umeme wa mtaa haukuaminika, kwa hiyo tulikuwa tumeiwasha kwa batri ya gari, kupitia kisanduku cha kugeuza moto wa batri uwe umeme wa nyumbani. Basi kazi yangu ikawa kuulinda ule moto. Batri ikichoka, naunga nyingine ubavuni mwake kwanza, ndipo naondoa ya zamani. Soumaya aliogopa kugusa kitufe chochote. Fundi wa kompyuta tuliyemwamini, Namegabe, alikaa Kanyosha, na huko kusini mwa mji mabomu yalikuwa yanaanguka. Barabara ilifungwa.

Zénon, jirani yetu mwenye teksi, alifungua batri yake akanipa.

"Massoudi, weye unalinda televisheni isiyo na mpira," akanitania.

Lakini kila asubuhi alipita kuuliza kama imeamka, kama mtu anayeuliza hali ya mgonjwa. Mama alipita mbele ya kioo bila kukitazama. Mara moja tu nilimkuta amesimama pale, anakifuta vumbi kwa pindo la kitenge, taratibu. Nikarudi nje kabla hajaniona.

Barabara ilipofunguliwa, Namegabe alikuja kwa miguu na godoro kichwani. Nyumba yake ilikuwa imechomwa. Aliweka godoro ukutani, akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, akangoja, akabonyeza tena. Kioo kikawa bluu, kisha cheusi.

"Ilikufa siku ile ile," alisema. "Mulikuwa munalisha maiti."

Alipoiwasha upya, kilichopatikana ni jaribio Soumaya alilohifadhi mwanzoni. Mama anakohoa. Kisha anauliza, "Hii kitu inanisikia?"

Mama alisikilizia mlangoni.

"Mumwambie nilisema," akatujibu, akaondoka.

Soumaya akamwomba tena, na mimi nikamwomba. Hakurudilia.

Tulimpelekea Moubarak jaribio lile kwenye sidi, pamoja na maneno yetu. Maneno yetu hakuyaamini. Mama alifariki kabla ya Idi. Moubarak hakuja kuzika, na vita vilipoisha watu wa kambini wakarudi kwa malori, yeye hakuwemo.

Hivi ndivyo ilivyotugharimu. Batri yangu ilikufa, na ya Zénon ikafuata; teksi yake ikalala juu ya mawe mpaka alipopata nyingine. Kisanduku cha umeme kiliungua. Na ndugu mmoja, ambaye alichobaki nacho cha mama yake ni swali lile.