Dola ni Upande Upi

Sisi watu wa mto Rhône hatusemi kulia wala kushoto. Zamani ng'ambo moja ilikuwa ya mfalme wa Ufaransa, na ya pili ya dola ya kaisari. Wote wawili wamekwisha kuoza, lakini mwenye mashua akitaka ukate usukani bado anapaza sauti: "Ufalme!" au "Dola!" Ng'ambo hazihami, hata ugeuke vipi.

Shemeji yangu Anselme, mume wa dada yangu, alitoka milimani. Mama ndiye aliyemfundisha, mezani, supu ikipoa.

"Mkono wa kulia Ufalme, wa kushoto Dola. Umeshika, mkwe?"

"Nimeshika, mama. Na huu wa kushika glasi?"

"Huo wa shetani."

Tukacheka sote. Mama hakuwahi kupanda mashua maishani mwake. Alifundisha kama aonavyo kwenye dirisha letu, linalotazama maji yanakoelekea.

Novemba mto ukafurika. Baba na Anselme wakawapelekea mikate watu wa bondeni waliozingirwa na maji. Wakati wa kurudi walipanda kinyume cha mkondo, injini ikikoroma, baba mbele na upondo, Anselme kwenye usukani. Karibu na daraja baba akaita, "Dola!" Anselme akakata kushoto. Lakini ukipanda mto, Dola iko kulia kwako. Mashua ikapasukia kwenye nguzo, na baba akachukuliwa na maji.

Anselme alinisimulia mimi peke yangu, amejifunika blanketi. Wote wawili tulijua kosa lilitoka wapi.

"Mama akijua," nikamwambia, "tutazika wawili."

Baada ya mazishi mama akamkalisha kwenye meza ileile.

"Niambie kweli, mkwe. Mzee hakukuitia upande?"

"Aliniitia."



"Alisema nini?"

"Sijui, mama. Maji yalivuma mno. Sikusikia."

"Waliokuwa juu ya daraja walimsikia. Wewe uliyekuwa naye chomboni hukusikia?"

 Mama akainuka, akaiondoa sahani ya Anselme mezani, na hakumwekea nyingine mpaka alipofariki. Dada yangu alikuja peke yake kila Jumapili. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mama sasa yuko kaburini, hakuna tena wa kulindwa. Lakini mji mzima ulikwisha kumbatiza Anselme jina la Kiziwi, na hata ukimwita hivyo kwa kunong'ona, anaitika.