Mkono wa Kushoto
Walimwita Popo kwa sababu alipaka rangi maghorofa akiwa ananing'inia, na hata jukwaa liyumbe vipi, yeye anapiga mluzi. Leo Popo huyo huyo anatembea kashika ukuta. Akigeuka kushoto, nyumba nzima inamkimbia. Haya, ndiyo dunia.

Yalianzia juu ya jukwaa, ghorofa ya tatu. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa kushoto kwake akaita, "Nishike!" Popo akageuza kichwa. Ukuta ukateleza, kila kitu kikawa ukungu. Macho yalipotulia, palibaki ndoo ya rangi inabembea. Msibani kila mtu alimuuliza, naye jibu lake likawa moja: niligeuka, sikumwona. Mkewe hakubisha. Alinyamaza tu, na asikudanganye mtu, heri matusi kuliko kimya cha mke aliyefiwa na kaka.

Hospitalini, mtabibu wa mazoezi alimshika Popo kichwa kwa mikono miwili, akamwambia amtazame puani, kisha akakigeuza ghafla. Akamweleza kwamba sikio la kushoto, kule ndani inakokaa mizani ya mwili, limekufa. Kichwa kikienda upande huo, jicho linaburuzwa nacho, halafu linaruka kurudi mahali pake. Dawa ni kubandika herufi ukutani, kuikazia macho na kutikisa kichwa kushoto kulia, mara tatu kwa siku. Polepole jicho litajifunza kuruka mapema, kichwa kingali njiani, na hakuna atakayeona kasoro. Litakuwa jizi, mtabibu alisema akicheka.

Popo akabandika herufi sebuleni, mkewe akawa anamhesabia bila kumtazama. Wiki ya pili kizunguzungu kilipungua, akaanza hata kuwatania majirani. Wiki ya tatu, katika ule mruko wa jicho, akauona mkono. Vidole vimetapakaa rangi nyeupe, vimetanuka. Wiki ya nne ukaja na kiwiko. Kadiri alivyopona ndivyo ulivyozidi kuonekana. Popo aliogopa, jamani, aliogopa kama mtoto mdogo. Akaibandua ile herufi, akamwambia mkewe imedondoka yenyewe.

Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Mchana mmoja mkewe alimkuta ameanguka mlangoni. Akamwinua, akamuuliza kwa nini ameacha mazoezi na alikuwa anapona. Hapo Popo akamwaga yote: mkono, kiwiko, na kwamba akiendelea utakuja uso, naye hana la kuuambia.

Mke alimtazama muda mrefu, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Kumbe kweli hukumwona."

"Sikumwona, mama watoto. Niligeuka, nikachelewa."

Mke akaitafuta herufi, akaibandika pale pale, kisha akaja kusimama kushoto kwa mumewe.

"Geuka," akasema. "Ukiuona, mara hii ushike."

Popo akakaza macho kwenye herufi, akageuza kichwa. Mkono ukaja, vidole vimetanuka vile vile. Akaudaka huku analia. Ulikuwa wa moto, una pete ya ndoa aliyomvisha mwenyewe.

"Moja," mkewe akahesabu, machozi yanamtoka. "Tena."